Freetown, Mji wa Watu Waliofunguliwa

Leo nataka kuwasimulia habari za mji ulio mbali nasi, upande wa magharibi wa Afrika, katika nchi ya Sierra Leone. Mji huo huitwa Freetown, na maana ya jina lake ni Mji Huru, au tuseme, Mji wa Waungwana. Ndio mji mkuu wa nchi ile, nao una watu zaidi ya milioni moja.

Miji mingi huanza kwa wenyeji kuongezeka kidogo kidogo, au kwa mfalme aliyetaka ngome, au kwa wafanyi biashara waliotafuta bandari. Mji huu haukuanza hivyo. Ulijengwa na watu walionyang'anywa nchi zao, na majina yao, na jamaa zao, kisha wakakutanishwa katika pwani moja hali hawajuani hata kwa lugha. Basi ni vema tuulize: Watu kama hao waliwezaje kuwa mji? Na tena: Mtu akiisha kufunguliwa minyororo, ni nini kimfanyacho kuwa mwungwana kweli? Swali hili la pili si la Freetown tu. Ni la kila nyumba ya Kikristo inayompokea mtoto au mgeni asiye na kwao.

MLIMA WA SIMBA NA KISIWA CHA MINYORORO

Pwani ile ina milima iliyosimama karibu kabisa na bahari, na chini yake mto mpana huingia baharini na kufanya bandari kubwa, ambamo merikebu hutulia salama. Baharia Mreno aliyeitwa Pedro de Sintra aliipita pwani hiyo mwaka 1462 hivi, akaiita kwa lugha yake Mlima wa Simba. Ndipo lilipotoka jina la Sierra Leone. Wenyeji wa mahali pale walikuwa Watemne, watu wenye wafalme wao, na mashamba yao ya mpunga, na uvuvi wao. Wazungu walikuja kwanza kuchota maji matamu na kununua pembe na mbao. Walakini baadaye wakanunua watu.

Ndani ya mto ule, mwendo wa maili 20 hivi kutoka mahali uliposimama mji baadaye, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Bunce. Waingereza walijenga ngome huko katika karne ya 17, na kwa muda wa zaidi ya miaka 100 maelfu ya watu walitiwa ndani ya kuta zake, wakingoja kuvushwa bahari. Wengi wao walipelekwa Carolina ya Kusini na Georgia katika Amerika, kwa kuwa wenye mashamba ya huko walitaka watu wajuao kulima mpunga. Magofu yake yangalipo. Kikumbukeni kisiwa hiki, maana mji wa uhuru ulianzishwa penye mto ule ule, na kwa muda wa miaka 20 vyote viwili vilikuwako pamoja: mlangoni mwa mto wakakaa watu huru, na juu ya mto wakafungwa watumwa.

WALIOKUJA KWANZA

Mwaka 1772 jaji mkuu wa Uingereza, Lord Mansfield, aliamua kwamba mtumwa aliyeitwa James Somerset hawezi kuchukuliwa kwa nguvu kutoka nchi ile ili akauzwe ng'ambo. Mtu aliyemsaidia Somerset alikuwa Granville Sharp, karani wa serikali, Mkristo mwenye bidii, aliyejifundisha sheria mwenyewe ili awatetee watumwa. Baada ya vita vya Amerika, London ilikuwa na watu weusi wengi maskini. Baadhi yao walikuwa wamewapigania Waingereza katika vita vile, na sasa hawakuwa na kazi wala chakula. Sharp na wenzake wakafanya shauri la kuwapeleka Sierra Leone, wakajitawale wenyewe kwa sheria njema.

Watu 400 hivi wakashuka pwani mwezi wa Mei 1787, wakati mvua kubwa zilipokuwa zikianza. Mfalme mmoja wa Kitemne, ambaye Wazungu walimwita King Tom, aliwapa mahali pa kukaa, akapewa nguo na bunduki na vileo. Tangu siku ile palikuwa na neno lililofichika. Kwa desturi ya Watemne, mgeni huazimwa ardhi akae chini ya mwenyeji wake, ardhi haiuzwi. Walakini Waingereza waliandika katika karatasi yao kwamba nchi imetolewa milele. Hivyo kila upande ulidhani umekubaliwa neno lake, na ugomvi ukazaliwa kabla nyumba ya kwanza haijaezekwa.

Mvua na homa na njaa zikawaua wengi. Baadhi ya waliosalia, kwa shida yao, wakaenda kutumikia wauza watumwa, jambo la kuhuzunisha sana. Kisha watu wa manowari moja ya Waingereza waligombana na Watemne, wakachoma kijiji chao. Na mfalme aitwaye King Jimmy akalipa kisasi kwa kuwafukuza wageni na kuuteketeza mji wao, mwezi wa Desemba 1789. Ndio mwisho wa jaribio la kwanza.

WALIOTOKA NOVA SCOTIA

Katika vita vile vile vya Amerika, Waingereza walikuwa wamewatangazia watumwa kwamba yeyote atakayewakimbia mabwana zake waasi na kuja upande wao atapata uhuru. Maelfu wakaja. Vita vilipokwisha, mwaka 1783, watu 3,000 hivi walichukuliwa kwa merikebu mpaka Nova Scotia, nchi ya baridi kali upande wa kaskazini, wakiahidiwa mashamba. Wengi hawakupata shamba lo lote, na waliopata walipewa mawe na misitu. Wakawa vibarua wa Wazungu kwa ujira mdogo.

Mmoja wao, Thomas Peters, aliyekuwa mtumwa kisha sajini katika jeshi, akafunga safari mpaka London akiwa na maombi ya wenzake. Huko akakutana na Sharp na rafiki zake, ambao walikwisha kufanya Kampuni ya Sierra Leone mwaka 1791. Kampuni ikamtuma kijana wa jeshi la majini, John Clarkson, awakusanye wanaotaka kwenda. Merikebu 15 zikatweka Januari 1792 zikiwa na watu karibu 1,200, na katika mwezi wa Machi zikatia nanga chini ya Mlima wa Simba. Tarehe 11 Machi 1792 huhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Freetown.

Husimuliwa kwamba walipokwisha kushuka walikata njia msituni mpaka penye msufi mkubwa, wakasimama chini ya kivuli chake, wakamshukuru Mungu kwa nyimbo na kwa sala. Angalieni, ndugu, watu hawa hawakuja mmoja mmoja. Walikuja na makanisa yao. Wabatisti walikuwa na mhubiri wao David George, na Wamethodisti walikuwa na wao. Walifika wakiwa jamaa na makundi ya sala, wakajuana, wakaaminiana. Ndiyo sababu mji wa pili ulisimama hapo ulipoanguka wa kwanza, ingawa homa iliwaua wengi katika mwaka ule, na Thomas Peters mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokufa. Wakachagua wakubwa wao, kila nyumba kumi mkubwa mmoja. Na mwanamke aliyekuwa kichwa cha nyumba alikuwa na sauti katika kuchagua, jambo ambalo siku zile lilikuwa adimu Ulaya.

Walakini ahadi ni deni, na deni hili halikulipwa. Clarkson alikuwa amewaambia kwamba watapata ardhi bila kutozwa kodi ya kila mwaka. Yeye alirudi Uingereza mwisho wa mwaka 1792, na Kampuni ikamwondoa kazini, ikadai kodi. Sala aliyoiandika kwa ajili ya nchi ile ilihifadhiwa, na miaka mingi baadaye ilitundikwa ukutani katika nyumba za wana wa mji, maana walimkumbuka kuwa mtu wa neno lake. Mwaka 1794 manowari za Wafaransa zikaja zikaupora mji na kuuchoma, watu wakaujenga upya. Mwaka 1800 baadhi ya wenye nyumba walichoka na kodi, wakaasi. Kampuni ikawashinda kwa msaada wa watu wengine weusi waliofika wakati ule ule, ambao asili yao ilikuwa Jamaika, watu 550 hivi, waitwao Wamaruni, ambao wenyewe waliwahi kupigana na Waingereza milimani kwa ajili ya uhuru wao. Waasi wawili wakanyongwa, wengine wakahamishwa. Hivyo waliokombolewa walitumiwa kuwapiga waliokombolewa.

UA WA MFALME

Mwaka 1807 bunge la Uingereza likakataza Waingereza kufanya biashara ya watumwa, na tarehe 1 Januari 1808 Freetown ikawa mali ya serikali. Manowari zikawekwa baharini kuzikamata merikebu za watumwa na kuzileta Freetown kuhukumiwa. Tangu wakati huo mpaka miaka ya 1860, watu zaidi ya 80,000 waliteremshwa katika bandari ile. Walitoka Yoruba, na Igbo, na Hausa, na Kongo, na Angola, na hata Msumbiji upande wetu wa mashariki.

Fikirini hali yao. Mtu amekamatwa usiku kijijini kwake, ameuzwa mara tatu au nne, amelazwa chini ya sitaha pamoja na mamia, kisha asubuhi moja anashushwa na watu asiowaelewa, anapelekwa ndani ya ua ulioitwa Ua wa Mfalme. Huko jina lake liliandikwa kitabuni, pamoja na umri wake na alama za mwili wake. Vitabu hivyo vimehifadhiwa hata leo, na wajukuu wao wanaweza kuyasoma majina yale. Lango la ua ule limesimama mpaka sasa, kando ya hospitali kubwa ya mji.

Waliambiwa, Sasa mko huru. Lakini waliomaliza kuandikwa walifanywaje? Watoto wengi na watu wazima waligawanywa katika nyumba za wenyeji wa mji kuwa wanafunzi wa kazi kwa miaka kadhaa. Na mwanzoni aliyemchukua mtu alitoa dola 20. Mwaka 1808 alikuja gavana kijana wa miaka 25, Thomas Perronet Thompson. Alipoyaona haya akasema kwa ukali kwamba ni utumwa ule ule uliobadilishwa jina, akajaribu kuukomesha. Wakubwa wa London hawakupendezwa naye, akaondolewa mwaka 1810.

Hapa ndugu zangu tusipite upesi. Waliowachukua watu hawa kwa dola 20 hawakuwa Waarabu wala Wareno. Wengine wao walikuwa Wakristo, wenye kuimba kanisani, nao wenyewe au wazazi wao walikuwa watumwa. Wahenga walisema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Wengine walimlea mtoto aliyepewa kama mwana, wakampa jina lao, wakampeleka shule. Wengine walimpa jina lao na mzigo wao, basi. Karatasi ya serikali ilikuwa moja kwa wote. Iliyotofautiana ni meko ya nyumba.

VIJIJI VYA MLIMANI

Tangu mwaka 1814 gavana Charles MacCarthy alianza kazi nyingine. Aliwaweka waliofunguliwa katika vijiji vilivyozunguka mji, vyenye majina kama Regent, Gloucester, Wilberforce, Waterloo na Hastings. Akataka kila kijiji kiwe na kanisa, na shule, na mwalimu. Chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, kiitwacho C.M.S., kilikuwa kimeleta watu wake tangu 1804, wengi wao Wajerumani. Homa iliwaua sana, hata pwani ile ikaitwa Kaburi la Mzungu. Walakini wengine walikuja kuwapokea nafasi zao.

Huko Regent alitumwa mwaka 1816 mtu aitwaye W. A. B. Johnson, Mjerumani aliyekuwa kibarua katika kiwanda cha sukari huko London. Alikuta watu wa kabila zaidi ya 20, wenye njaa, wasioelewana, kila kundi likiogopa jingine. Kwa miaka saba alifundisha, akajenga, akazika wafu, akagawa mchele. Watu wakalima, wakajenga kanisa la mawe, wakaanza kusaidiana katika ugonjwa na misiba. Alifariki baharini mwaka 1823. Kijiji kilichoanza kwa hofu kilikuwa kimekuwa ujirani.

Mmoja wa watoto walioletwa katika vijiji hivi alikuwa Ajayi, wa mji wa Osogun katika nchi ya Yoruba. Wavamizi waliuteketeza mji wao mwaka 1821, wakamchukua yeye na mama yake na ndugu zake, akatenganishwa nao, akauzwa mkono kwa mkono mpaka akaingizwa merikebuni. Mwezi wa Aprili 1822 manowari ikaikamata merikebu ile, naye akashushwa Freetown, akapelekwa kijiji cha Bathurst. Huko akajifunza kusoma kwa muda mfupi sana, akajifunza na useremala. Akabatizwa mwaka 1825, akaitwa Samuel Crowther. Mwaka 1827 C.M.S. walipofungua chuo cha waalimu huko Fourah Bay, yeye alikuwa mwanafunzi wa kwanza. Mkewe, Susan, naye alikuwa amekombolewa baharini.

Akawa mwalimu, kisha padre mwaka 1843. Akatumwa kurudi nchi yake, na mwaka 1846, katika mji wa Abeokuta, akakutana na mama yake, baada ya miaka 25. Husimuliwa kwamba walitazamana kimya, mama akitetemeka, hawezi kusadiki. Mwaka 1848 mama yule akabatizwa, akaitwa Hannah. Mwaka 1864 Crowther akawekwa kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza wa Kanisa la Uingereza kupewa cheo hicho, na Biblia katika lugha ya Kiyoruba ni kazi yake yeye na wenzake. Huyu ndiye mtoto aliyeandikwa kitabuni kama mateka. Laiti aliyempokea angemtumia kuchota maji tu, tungalipoteza nini?

SHULE, NA LUGHA MOJA

Chuo cha Fourah Bay kilipewa jengo kubwa la mawe katikati ya karne ile, na husimuliwa kwamba baadhi ya boriti za paa lake zilikuwa mbao za merikebu za watumwa zilizovunjwa. Mwaka 1876 kiliungwa na Chuo Kikuu cha Durham cha Uingereza, hata kijana wa Kiafrika akaweza kupata shahada bila kuivuka bahari. Waalimu, mapadre, makarani na matabibu waliotoka Freetown walienea Gambia, na Gold Coast, na Lagos, na Niger. Samuel Lewis, mwana wa wazazi waliokombolewa, akawa mwanasheria mashuhuri na meya wa mji, na mwaka 1896 mfalme wa kike Victoria akampa cheo cha Sir.

Mwalimu mmoja wa chuo hicho, Sigismund Koelle, alikaa na wazee wa mji na vijiji, akawauliza maneno ya lugha zao za utotoni. Akatoa kitabu mwaka 1854 chenye maneno ya lugha zaidi ya 100, na baadhi yake ni lugha za watu wa Msumbiji, zilizo jamaa na lugha zetu. Mji mmoja mdogo ulikuwa na Afrika nzima ndani yake! Na kwa kuwa watu walipaswa kusema wao kwa wao sokoni na nyumbani, ikazaliwa lugha mpya iitwayo Krio, iliyotwaa maneno mengi ya Kiingereza, na ya Kiyoruba, na ya lugha nyingine. Watoto wao wakaitwa Wakrio. Si wote waliokuwa Wakristo; kulikuwa na Waislamu miongoni mwa Wayoruba waliokombolewa, nao walijenga misikiti yao na kushika dini yao mjini humo.

MAHALI MJI ULIPOPUNGUKA

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kusifu. Lakini historia ni kioo, na kioo hakichagui cha kuonyesha.

Wakrio walipostaarabika, wengi waliwatazama Watemne na Wamende wa bara kama washenzi. Wakasahau kwamba ardhi waliyojengea ilikuwa ya watu hao. Mwaka 1896 Waingereza wakaitwaa nchi ya bara pia, na mwaka 1898 wakatoza kodi ya nyumba. Vita vikawaka, na Wakrio wengi waliokuwa wakifanya biashara au kuhubiri huko wakauawa, kwa kuwa wenyeji waliwahesabu kuwa wamoja na serikali. Baadaye Wazungu nao wakawatazama Wakrio kwa jicho lile lile. Mwaka 1899 daktari Ronald Ross alikuwa amekuja Freetown kuchungua mbu waletao homa ya malaria. Na mwaka 1904 serikali ikajenga mlimani mtaa wa Wazungu peke yao, na reli ndogo ya kuwapandisha, ikasema ni kwa ajili ya afya. Aliyemdharau mwenzake akadharauliwa na wa tatu.

Na neno lililo zito kuliko yote ni hili: katika nchi ya bara ya Sierra Leone, chini ya bendera ile ile, utumwa wa nyumbani haukufutwa na sheria mpaka tarehe 1 Januari 1928. Miaka 136 baada ya sala ile ya msufini, mtu aliweza kuzaliwa mtumwa, mwendo wa siku chache kutoka Mji Huru.

Tena, nyumba nyingi za mjini zilikuwa zikipokea watoto wa bara ili walelewe na kusomeshwa. Desturi hii ilikuwa njema kwa asili yake. Wako watu wakubwa waliotokea katika malezi hayo. Lakini wako pia waliolala jikoni, wakaamka kabla ya jogoo, na shule wakaijua kwa kuwabebea wenzao vitabu mpaka mlangoni.

UNDUGU WAKE NA PWANI YETU

Mambo haya si mageni kwetu. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alikuja Unguja, na tarehe 5 Juni mwaka ule Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. C.M.S., wakiwa na mfano wa Sierra Leone mbele yao, walianzisha mwaka 1875, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kijiji cha watu waliokombolewa katika majahazi, wakakiita Frere Town kwa jina la bwana yule. Huko nako walikutanishwa Wayao, na Wanyasa, na Wamakua, na wengine, na kengele ikawaita kazini na kanisani. Kengele ile ingaliko, karibu na Kongowea. Waalimu wa kwanza wa nchi nyingi za Kenya walitoka huko na Rabai. Bagamoyo kwa mapadre Wakatoliki, na Mbweni huko Unguja kwa watu wa U.M.C.A., habari ni za namna hiyo hiyo. Basi wengi wetu tuliopata kusoma, ukifuata mnyororo wa waalimu wetu nyuma sana, utafika kwa mtu aliyekuwa mtumwa.

MJI HATA SASA

Sierra Leone ilipata kujitawala tarehe 27 Aprili 1961, na Freetown ikawa mji mkuu wake. Wakrio sasa ni sehemu ndogo tu ya watu, lakini lugha yao husemwa na karibu nchi nzima. Mji umeonja mateso mengi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1991. Januari 1999 waasi waliingia mjini, wakaua, wakachoma mitaa, wakakata watu mikono. Amani ilitangazwa mwaka 2002. Ugonjwa wa Ebola ulikuja mwaka 2014. Tarehe 14 Agosti 2017 mvua kubwa iliuporomosha mlima penye Regent, kijiji kile kile cha Johnson, na watu zaidi ya 1,000 walikufa au hawakuonekana tena. Tarehe 24 Mei 2023 dhoruba iliuangusha ule msufi wa kale. Watu walisimama wakaulilia kama mzee wa ukoo. Walakini mji haukuanguka pamoja na mti, maana haukuwa mti uliousimamisha.

MAFUNDISHO KWA NYUMBA ZETU

Turudi katika swali letu la kwanza, watu wale waliwezaje kuwa mji. Serikali iliweza kuvunja minyororo, na ni kazi kubwa, tusiidharau. Kampuni iliweza kuandika ahadi. Lakini hakuna serikali wala kampuni iliyoweza kumfanya mtu kuwa mwungwana. Hilo lilifanyika penye meko, na penye darasa, na penye kitanda cha mgonjwa, mtu mmoja alipomwita mwenzake asiyemjua, Mwanangu, Ndugu yangu, akalifuatisha neno hilo na matendo. Palipofanyika hivyo, akatokea Crowther. Pasipofanyika, utumwa uliendelea chini ya jina la uhuru.

Torati iliwakumbusha Waisraeli mara nyingi wasimwonee mgeni, kwa kuwa wao nao walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Sisi nasi tuna Misri yetu. Basi, mama Mkristo, binti uliyeletewa kutoka kijijini akusaidie kazi, anakula saa ngapi, na anakula nini? Hulala wapi? Baba, kijana wa ndugu yako marehemu ana daftari kama wana wako, au ana jembe tu? Mwalimu, mtoto asiyejua lugha ya mahali, aliyehamia juzi, umemkalisha wapi katika darasa lako, na wenzake wamwita jina gani? Katika sala za jioni, je, yeye naye huitwa aje akae mkekani, au husikiliza kutoka jikoni huku akisugua sufuria?

Tusidhani maswali haya ni madogo. Freetown ilijengwa, na Freetown ilipunguka, katika maswali kama haya. Mungu aliyewatoa babu zetu katika nyumba ya utumwa atujalie tusiwe na nyumba ya utumwa chini ya mapaa yetu, bali kila aingiaye mlangoni mwetu akiwa hana kitu, siku atakapotoka atoke mwungwana.